Shahidi wa saa tisa usiku

Kuna maumivu ya kifua yasiyopenda kuonana na daktari. Huja saa tisa usiku, mwenye nayo akiwa amelala. Humbana kifua katikati kama aliyelaliwa na gunia la mpunga, hupanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka. Kisha baada ya dakika tano, kumi au kumi na tano yakaondoka yenyewe. Asubuhi mtu huyo anachukua bajaji mpaka kituo cha afya, anapimwa presha, anapimwa umeme wa moyo, na karatasi ya ECG inatoka safi. Anaambiwa moyo hauna tatizo, labda ni vidonda vya tumbo au mawazo, anapewa dawa za tumbo na kurudi nyumbani. Wiki inayofuata yanamrudia. Mwongozo huu ni wa msomaji wa Mzumbe na vijiji vya jirani, au wa mahali popote palipo mbali na hospitali kubwa ya moyo, anayeyatambua maelezo haya kwake au kwa mtu wa nyumbani kwake, na anayejiuliza kama saa janja au kipimo kingine cha kuvaa kinaweza kumsaidia. Kinaweza, tena pale ambapo ECG ya asubuhi haiwezi, lakini kwa masharti ambayo muuzaji wa saa hatakutajia.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni mkakamao wa mshipa unaolisha moyo. Moyo hupata damu yake kupitia mishipa inayouzunguka kwa nje, na ukuta wa kila mshipa una misuli laini inayokaza na kulegea. Kwa baadhi ya watu misuli hiyo hukaza ghafla kupita kiasi, njia ya damu ikawa nyembamba mno au ikaziba kabisa kwa dakika chache, kisha ikafunguka. Aliyewahi kukazwa na msuli wa mguu usiku anaijua tabia hiyo: ukimwamsha daktari ukamwonyesha mguu nusu saa baadaye, ataona mguu mzima. Mwaka 1959 daktari Mmarekani Myron Prinzmetal na wenzake walieleza wagonjwa wa aina hii, ambao maumivu yao yalikuwa kinyume cha anjaina (maumivu ya moyo unaokosa damu) iliyozoeleka. Anjaina iliyozoeleka hutokana na mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa. Huja mtu akipanda mlima na hupoa akikaa chini. Hii nyingine huja mtu akiwa ametulia, hasa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Mtu anaweza kupanda mchana mpaka Morningside kwenye miteremko ya Uluguru bila kulalamika, halafu akabanwa kitandani kabla ya adhana ya alfajiri. Ndiyo maana hata kipimo cha kutembea kwenye mashine, ambacho hufichua anjaina ya kwanza, mara nyingi hakifichui hii ya pili.

Hoja yangu inasimama juu ya jambo moja ambalo wagonjwa wachache huelezwa. Mwaka 2017 kundi la kimataifa la wataalamu linaloitwa COVADIS lilichapisha vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, na ni vitatu. Cha kwanza ni maumivu yanayokuja mtu akiwa ametulia na kupoa haraka kwa dawa za jamii ya naitrati, kama kidonge kinachowekwa chini ya ulimi. Cha pili ni mabadiliko ya ECG yanayoonekana wakati wa shambulio na kutoweka baada yake. Cha tatu ni mkakamao ulioshuhudiwa kwenye picha ya mishipa, ama umejitokea wenyewe, ama umechokozwa makusudi kwa dawa kama asetilikolini au ergonovini. Ukiwa na cha kwanza pamoja na cha pili, au cha kwanza pamoja na cha tatu, ugonjwa unahesabika umethibitika. Sasa fikiria jiografia. Kigezo cha tatu kinahitaji mtambo wa kupiga picha ya mishipa (Cathlab) na bingwa aliyezoea kuchokoza mshipa na kuutuliza. Kutoka Mzumbe hiyo ni safari ya kilomita 20 na ushei mpaka Morogoro mjini, kisha karibu 200 zaidi mpaka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kigezo cha pili kinaweza kupatikana chumbani kwako, mradi kuwe na kifaa karibu na kifua chako katika dakika zile kumi. Kwa mtu wa mkoani, basi, kipimo cha kuvaa kinaweza kuwa njia ya karibu zaidi ya kuupata ushahidi ambao vigezo vyenyewe vinauomba.

Kabla ya kwenda mbali, tulijibu pingamizi zito kuliko yote, kwa sababu linagusa uhai. Mtu anaweza kusema: unawafundisha watu kuchezea saa badala ya kukimbilia hospitali. Ni kweli kwamba mkakamao unaweza kusababisha mshtuko wa moyo, unaweza kuvuruga mapigo, na unaweza kuua. Kwa hiyo utaratibu ni huu, na hauna mjadala. Maumivu haya yakiwa ya mara ya kwanza maishani, au yakiwa tofauti na uliyoyazoea, au yakipita dakika 15, au ukizimia, ukikosa pumzi au ukitapika kwa jasho la baridi, weka kifaa kando, ondoka. Kurekodi ni kwa yule ambaye tayari ameonana na daktari, amepimwa, akarudishwa nyumbani bila jibu, na anajua mashambulizi yake yanavyoanza na yanavyokwisha. Hata huyo aandae mapema: namba ya jirani mwenye gari au ya dereva teksi anayepokea simu usiku, maana bodaboda si chombo cha mtu anayeweza kuzimia njiani. Aulize pia mchana, wala asisubiri usiku wa kubanwa, kama kituo cha afya kilicho karibu kina mashine ya ECG, kama ina karatasi, na kama zamu ya usiku kuna anayeiendesha. Ikiwa ipo na unaweza kufika ndani ya dakika kumi huku bado kifua kinauma, ECG hiyo moja inazishinda saa janja zote za mtaani.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe, maana jina “kipimo cha moyo” limebandikwa kwenye vitu visivyofanana. Bangili na saa nyingi za bei nafuu humulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kuhesabu damu inavyopita. Hizo zinajua moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Hazioni umeme wa moyo hata kidogo, na mkakamao unaweza kutokea mapigo yakiwa 70 kama kawaida. Usinunue ya aina hiyo kwa ajili ya kazi hii. Kundi la pili ni saa janja na kadi ndogo zenye elektrodi, ambazo unazigusa kwa kidole na zinachora ECG ya sekunde 30. Kundi la tatu ni holta, mashine inayoning’inizwa shingoni au kiunoni huku nyaya zake zikibandikwa kifuani, ikirekodi mfululizo kwa saa 24, 48 au zaidi. Jina lake limetoka kwa Norman Holter, mwanasayansi wa Montana nchini Marekani, ambaye mtambo wake wa mwanzo, wa miaka ya 1940, ulibebwa mgongoni na ulikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Leo ni kitu cha kuweka mfukoni. Vipo pia vibandiko vya kifuani vinavyokaa hata siku 14, lakini vingi vinatazama moyo kwa upande mmoja tu na vimetengenezwa kwa ajili ya mapigo yaliyovurugika.

Ukiniuliza nichague, nitachagua holta inayoutazama moyo kwa pande nyingi, ikiwezekana yenye picha kamili ya pande 12, kuliko saa yoyote. Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama rekodi yako itakuwa ushahidi au pambo. Kila mstari wa ECG ni dirisha moja la kuutazama moyo. Mashine ya hospitali ina madirisha 12: mengine yanatazama ukuta wa chini wa moyo, mengine wa mbele, mengine wa pembeni. Daktari anatafuta kipande cha mstari kiitwacho ST, kilicho kati ya mchomo mrefu na wimbi linaloufuata, kama kimenyanyuka au kushuka kwa angalau milimita 1, yaani kijisanduku kimoja kidogo cha karatasi, na mabadiliko hayo yaonekane katika madirisha mawili au zaidi yanayopakana. Saa janja ikiwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ukaigusa kwa kidole cha mkono wa kulia, inafungua dirisha moja tu, lile ambalo Willem Einthoven aliliita la kwanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mshipa wa kulia ukikakamaa, ukuta wa chini wa moyo ndio unaokosa damu, na dirisha hilo la kwanza linaweza kubaki tulivu kabisa. Umerekodi, lakini ulichungulia dirisha la chumba ambacho hakuna kilichotokea.

Njia ya kulizunguka tatizo hilo ipo, na imejaribiwa. Mwaka 2020 madaktari wa Catanzaro, Italia, walichapisha utafiti wa watu 100 ambao saa janja ilihamishwa sehemu mbalimbali za mwili, michoro ikalinganishwa na ECG ya kawaida, na katika kuonyesha mabadiliko ya ST vipimo hivyo viwili vikakubaliana kwa kiwango kizuri. Wale walikuwa hospitalini na walisaidiwa na wataalamu, hivyo usitarajie ufundi uleule chumbani gizani. Ila mbinu yenyewe si ngumu. Vua saa. Mchoro wa kwanza: mgongo wa saa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kidole cha kulia kwenye kitufe chenye elektrodi. Wa pili: mgongo wa saa ukandamizwe kwenye ngozi ya tumbo la chini upande wa kushoto, kidole cha kulia palepale. Wa tatu: saa ibaki tumboni, ubadilishe kidole, uweke cha kushoto. Hapo umepata madirisha matatu ya Einthoven, na mawili ya mwisho ndiyo yanayochungulia ukuta wa chini. Ukiwa na nguvu bado, mchoro wa nne: mgongo wa saa kifuani, chini kidogo ya chuchu ya kushoto, kidole cha kulia, huo unatazama mbele. Michoro minne ya sekunde 30 ni dakika tatu hivi pamoja na kuhamisha. Kadi yenye elektrodi tatu, inayoshikwa kwa vidole vya mikono miwili huku upande wake wa chini ukigusa goti au kifundo cha mguu wa kushoto, hutoa madirisha sita kwa mkupuo, na kwa kazi hii ninaiona ina faida kuliko saa, ingawa upande wa mbele wa moyo bado haiutazami vizuri.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni mchoro wa siku ya uzima. Neno muhimu katika kigezo cha pili ni “kutoweka”: daktari hatafuti mstari mbaya, anatafuta mstari uliobadilika kisha ukarudi. Kwa hiyo leo, ukiwa huna maumivu yoyote, keti pale pale utakapokuwa umeketi usiku, chukua michoro ileile kwa mpangilio uleule, uihifadhi. Shambulio likija, chukua tena; likiisha, subiri dakika 20, uchukue mara ya tatu. Rekodi moja iliyosimama peke yake ni neno lisilo na sentensi, kwa kuwa kuna watu wazima wa afya, hasa vijana wa kiume, ambao ST yao imenyanyuka kidogo tangu zamani na haina ubaya wowote. Mikono ikae juu ya mapaja au mto, isitetemeke, vidole vikiwa vikavu sana vilowanishe kidogo, usizungumze. Mstari unaopanda na kushuka kama barabara ya milimani ya kwenda Mgeta ni wa mtu aliyekuwa akijisogeza, na daktari makini ataukataa.

Yapo mapingamizi ya kiufundi yanayostahili heshima. Mashine ya hospitali huyaruhusu mawimbi ya polepole kabisa, mpaka hezi 0.05, ili kipande cha ST kibaki na umbo lake. Vifaa vingi vya kuvaa hukata kuanzia hezi 0.5 au karibu na hapo ili mstari usiyumbe, na ukataji huo unaweza kukipindisha kipande kilekile tunachokitafuta. Watengenezaji wenyewe huandika wazi kwamba saa zao hazitambui mshtuko wa moyo. Nalikubali lote hilo, na ndiyo maana ninasisitiza kulinganisha: upindishaji wa kifaa ni uleule jana na leo, basi tofauti kubwa kati ya mchoro wa uzima na wa maumivu, uliochukuliwa kwa kifaa kimoja na mkao mmoja, haiwezi kusingiziwa kifaa kirahisi. Wengine huuliza kuhusu ngozi nyeusi. Swali si la kipuuzi. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Lakini hicho hutumia mwanga. ECG husoma umeme, na umeme hauulizi rangi. Kinachoukwaza ni mafuta ya kupaka, vumbi na ukavu wa ngozi.

Halafu kuna maandishi ambayo saa inakupa baada ya sekunde 30: “mdundo wa kawaida”, au maneno ya maana hiyo kwa Kiingereza. Yapuuze, kwa sababu programu hiyo imefundishwa kutafuta mvurugiko mmoja au miwili wa mapigo, basi. Moyo unaweza kuwa unakosa damu huku ukipiga kwa mpangilio mzuri, na saa ikakupa alama ya kijani. Ninaiona hii kuwa hatari kubwa ya vifaa hivi, kubwa kuliko kumtia mtu wasiwasi bure: humtuliza asiyestahili kutulia. Rekodi safi ya wakati wa maumivu haikuondolei ugonjwa, rekodi iliyobadilika inakusogeza kwenye jibu. Mizani haiko sawa, na ukiingia katika kazi hii ukitafuta kuhakikishiwa kwamba u mzima, umekosea mlango.

Holta ina udhaifu wake pia, nao ni wa hesabu. Mwenye mashambulizi mawili kwa wiki akivaa holta kwa saa 24, uwezekano wa kunasa hata moja haufiki theluthi. Akirudishiwa jibu la “kawaida”, ameambiwa tu kwamba siku ile haikuwa siku yake. Omba siku nyingi zaidi kama zinapatikana, au omba siku iwekwe katika kipindi ambacho mashambulizi yameongezeka, kwani ugonjwa huu una misimu. Huweza kulala miezi kisha ukaamka. Holta ina faida moja ambayo saa haina: hurekodi hata mashambulizi yasiyouma, na kwa ugonjwa huu sehemu kubwa ya mikakamao hupita mtu akiwa usingizini bila kuhisi kitu. Kwa holta hakikisha aliyeifunga amewasha usomaji wa ST, maana nyingine huchapisha ripoti ya mapigo tu, na umwombe msomaji wa ripoti azitazame saa za kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri kwa jicho lake mwenyewe. Joto la Morogoro la Novemba hadi Februari hulegeza vibandiko. Nyoa nywele za kifua pale vinapokaa, usipake mafuta siku hiyo, ulale kwenye hewa.

Sasa daftari, ambalo haligharimu kitu na ndilo linaloharibika mara nyingi. Mzumbe penyewe panajua thamani ya kumbukumbu: Chuo Kikuu cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na sifa ya kwanza ya aliyepita huko ni kujua kutunza faili. Litunze la kifua chako vivyo hivyo. Kila shambulio: tarehe, saa lilipoanza, saa lilipoisha, ulikuwa unafanya nini, maumivu yalikaa wapi, ulimeza nini, yakapoa baada ya muda gani. Na hapa kuna mtego wetu Waswahili. Wewe umeandika “9:10 usiku”. Mashine imeandika 03:10. Anayesoma holta anakwenda kwenye 09:10, anakuta mtu anakunywa chai kwa amani, anaandika kwamba hakuna mabadiliko yaliyolingana na maumivu. Ushahidi ulikuwepo, saa sita nyuma. Andika saa kama inavyoonekana kwenye skrini ya simu, yenye mfumo wa saa 24, na siku ya kufungwa holta linganisha saa ya simu yako na ya mashine, uandike tofauti ya dakika kama ipo. Kumbuka pia kuwa tarehe ya mashine hubadilika usiku wa manane, si machweo.

Atakayebisha zaidi atasema kwamba ugonjwa huu ni nadra, na kwamba kifua cha Mtanzania kina sababu nyingi za kuuma kabla ya hiyo: presha, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, kifua kikuu, kiungulia, misuli. Ni sahihi, na kiungulia hasa ni mwigizaji hodari, maana nacho huja usiku mtu akilala chali. Tena umio ukikakamaa hutulizwa na naitrati ileile inayotuliza moyo, ndiyo maana kupoa kwa kidonge peke yake hakutoshi kuwa ushahidi, na ndiyo maana tunahitaji mchoro. Lakini hoja ya unadra inageuka ukiitazama vizuri. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwapima kwa utaratibu wagonjwa wa dharura waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa na waliokuwa wakiwatibu. Ikiwa mshtuko wa moyo, unaoacha alama kwenye damu na kwenye ECG, unapita bila kutambuliwa, mkakamao usioacha alama utahesabiwaje? Nchini Japani na Korea, ambako mshipa huchokozwa kwa dawa mara kwa mara, ugonjwa huonekana kwa wingi. Hukutwa zaidi unapotafutwa.

Ukishakuwa na michoro, usiisambaze kwenye kundi la familia la WhatsApp. Utapata madaktari kumi na maombi mengi. Itoe kama faili ya PDF kutoka kwenye programu ya kifaa, si picha ya skrini iliyofifia ambayo vijisanduku vyake havihesabiki. Chapisha kwenye karatasi ile ya nyakati tatu, ya uzima, ya maumivu na ya baadaye, uiandike kwa kalamu muda na mahali kifaa kilipokaa. Peleka kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, ambako rufaa ya kwenda kwa bingwa huanzia na bima huitambua. Kliniki mkoba za Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete zinapotangazwa mkoani, nenda. Ukiandikiwa Dar es Salaam, treni ya SGR iliyoanza kazi Juni 2024 imeifanya safari kuwa ya saa mbili hivi kutoka Morogoro. Dodoma nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina Cathlab. Rufaa hiyo haiondolewi na saa janja. Mkakamao hupenda pia kukaa juu ya mshipa ulioanza kuziba, na picha ya mishipa ndiyo inayosema kama kuna uzibe wa kudumu chini yake.

Mwambie daktari unachotumia chote, hata kile unachokionea aibu. Sigara ndiyo kichocheo kinachojulikana zaidi. Mirungi, ambayo ni haramu Tanzania lakini huvuka mpaka kutoka Kenya ambako ni halali, imehusishwa na mshtuko wa moyo katika tafiti za Yemen, na kukaza mishipa ni mojawapo ya njia zinazodhaniwa. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, dawa za kipandauso za jamii ya triptani na ergotamini, na fluorourasili wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani, vyote vinaweza kuchokoza mshipa. Baridi nayo huchokoza, kwa hiyo mtu wa Mgeta na asubuhi zake za Julai asiidharau. Muhimu kuliko vyote, taja kama unameza propranololi kwa ajili ya presha au mapigo ya haraka. Ni dawa nzuri kwa wengi, lakini kwa mkakamao inaweza kuzidisha. Kinachotakiwa hapa ni dawa za kulegeza mshipa, kama amlodipini, nifedipini na diltiazemu, na mbili za mwanzo zimejaa kwenye maduka yetu ya dawa kama dawa za presha. Hilo lisikushawishi kujinunulia. Mtu aliyeanza kuzimeza kabla ya kurekodi hufuta ushahidi kabla haujaandikwa, na aliyezizoea akiziacha ghafla mashambulizi yanaweza kurudi kwa nguvu.

Baada ya tiba kuanza, endelea na daftari na mchoro wa uzima mara moja kwa mwezi, kwa mkao uleule. Daktari atataka kujua kama saa zile za alfajiri zimenyamaza kweli, au wewe ndiye uliyeanza kulala fofofo. Na kama kuna mashaka, ataomba holta ya pili, ambayo safari hii utajua kuidai yenye ST na saa sahihi.